Usingizi wa Watoto wa Wafumaji

Kwetu Waturkmeni, kaskazini mwa Afghanistan, mtu akitafuta mke haulizi kama binti anajua kupika. Anauliza kama anafuma. Njaa ataivumilia, zulia halingoji.

Jirani yangu Jeren alifuma vizuri kuliko wote. Tangu alfajiri mpaka giza alikaa chini mbele ya mtambo wa kufumia, akifunga vifundo vya sufu nyekundu. Mtoto wake mchanga, Ogulsona, alilala pembeni. Asubuhi amelala. Mchana amelala. Mbwa wabweke wasibweke, amelala.

"Mtoto huyu ana adabu," alijisifu Aknabat, mama mkwe wa Jeren. "Si kama wajukuu zako, wanaolia kama mbuzi wa mnadani."

"Wangu wanalia kwa sababu huwa nawaimbia," nilimjibu.

Adabu yenyewe ilitoka kikombeni. Kila asubuhi Aknabat alichukua punje ya kasumba, afyuni ile ya kulevya, akaikoroga kwenye chai vuguvugu, akamnywesha mtoto ili mama afume. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Oraz, mtoto wa kwanza wa Jeren, alilala hivyo hivyo, asiamke tena. Tukamzika, tukasema ni amri ya Mungu. Matanga hayajaisha, Jeren akarudi kwenye zulia.

Baadaye akaja Maral, binti wa kijiji cha pili aliyesomea afya. Alikuwa akifanya utafiti. Alipita nyumba za wafumaji akiuliza jinsi watu wanavyoishi. Mnapumzika saa ngapi? Nani anapika? Mtoto anaangaliwa na nani?

"Ameniuliza kama tunacheka nyumbani," nilimwambia Aknabat. "Nimemwambia tunacheka yeye akishaondoka."

Kwa Jeren alipata taabu. Kwetu mke kijana huuma ncha ya ushungi wake mbele ya mama mkwe, wala hasemi. Maral akimuuliza Jeren, Aknabat ndiye anayejibu.

"Unalala vizuri, dada?"

"Analala kama ng'ombe."

"Mgongo unauma?"

"Mgongo gani? Mtu mwenyewe bado mbichi!"

"Na mtoto, mbona haamki?"

"Ana adabu."

Maral akainama, akamfunua mtoto jicho. Mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Midomo ilikuwa ya buluu. Akamtikisa. Akamfinya kisigino. Mtoto hakushtuka.

"Bibi, amekunywa nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

Aknabat akakisogeza kikombe nyuma yake. Hapo Jeren akautema ushungi. Mimi jirani yake nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake mbele ya mkwewe.

"Kasumba! Leo amempa mara mbili, kwa sababu Tagan, tajiri wa sufu, anataka zulia lake! Mwokoe mwanangu!"

Tulipanda pikipiki ya mizigo mpaka zahanati. Njia nzima Maral alimpulizia mtoto pumzi mdomoni. Wakamchoma sindano. Tukangoja. Mwishowe akalia, sauti nyembamba kama ya paka mdogo.

"Kasumba hailazi macho tu," Maral alituambia. "Hulaza na pumzi. Mtoto husahau kupumua. Hakuna kipimo kilicho salama, hata punje moja. Na mtoto aliyekwisha kuizoea msimwachishe ghafla nyumbani. Mleteni hapa aachishwe pole pole."

Aknabat alikuwa anatazama ukuta. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na Oraz?"

Maral akamshika mkono.

Maral alipomaliza nyumba zote, aliwaita wazee wa kijiji pamoja na Tagan, mfanyabiashara anayetugawia sufu.

"Mimi niliagiza zulia, sikuagiza kasumba," alisema Tagan.

"Uliagiza zulia la msimu mzima liishe kwa nusu msimu," Maral alimjibu. "Kila kijiji nilikopita nimeona jambo lile lile. Penye haraka, watoto wanalazwa kwa kasumba. Penye mlezi na muda wa kupumzika, kasumba ni haba. Sasa geuza mazulia yako uone. Vifundo vya mama aliyechoka vimelegea. Unaharakisha hasara."

Tagan akageuza zulia moja alilokuja kulichukua, akainama kutazama. Mtu mwenye tumbo kama lile akiinama, ujue maneno yamemwingia.

Hata hivyo, mambo hayakugeuka upesi. Wengine walimtukana Maral. Baridi ile tulizika watoto wengine. Ndipo Tagan akaongeza muda wa kufuma, akajenga chumba cha watoto chenye mlezi wa kulipwa. Wakubwa wa wilaya walisoma utafiti wa Maral, wakaweka sheria: kila anayegawa kazi ya mazulia awe na chumba kama hicho, na mama anayenyonyesha apewe nafasi ya kunyonyesha.

Ogulsona yu hai. Amechelewa kutembea, na maneno yanamjia kwa shida. Maral hakutuficha: huenda ni kasumba.

Mlezi wa chumba ni Aknabat. Mwenyewe aliiomba kazi hiyo. Juzi mama mmoja mgeni alileta mtoto aliyelala fofofo. Aknabat akamnusa mdomo.

"Umempa?"

"Kidogo tu, mama. Asikusumbue."

"Mwache anisumbue," alisema Aknabat, akimfunga mtoto kifuani kwake. "Wangu asiyesumbua yuko makaburini. Vaa viatu, twende zahanati."