Finjani Iliyojaa Pomoni

Sheikh Ghaith alikutwa maiti juu ya busati, mgongo ukutani, kama mtu aliyechoka kumngoja mgeni. Jeraha moja tu, chini ya ubavu wa kushoto. Hata kilemba hakikuanguka. Mbele yake palikuwa na sinia, dele la kahawa na finjani mbili. Upande wa mgeni busati lilikuwa na doa la manjano, bado bichi.

Inspekta Mahfoudh alichutama bila kugusa kitu.

"Nani aliyemwona mwanzo?"

"Mie," alisema Bakhita, bikizee mtunzaji wa ile nyumba ya wageni iliyo karibu na Lango Kubwa la Muscat. "Nlikwenda kwangu kusali Adhuhuri, narudi namkuta hivi. Kahawa nlipika mwenyewe, hiliki na zafarani. Kahawa yangu haijaua mtu."

"Hakufa kwa kahawa, bibi."

"Nnakwambia tu. Mji huu una midomo."

"Nani kaingia leo?"

"Asubuhi kaja Muhanna, yule wa Awlad Mudhar. Wamekaa, wametoka wameshikana mikono. Nimemfukiza udi mwenyewe akaenda zake. Tena sikuona mtu."

Daktari wa polisi alisema jeraha ni la ncha iliyopinda. Basi ni jambia. Na nani Muscat asiye na jambia?

Jina la Muhanna ndilo lililokuwa baruti. Banu Sarhan, watu wa Sheikh Ghaith, na Awlad Mudhar wakigombea bonde la Wadi Ghafa tangu mafuta yaonekane huko. Kampuni ilileta mashine. Nyuma yake wakaja askari, wakapiga mahema juu ya visima vya maji, na mwaka wa tatu huu hawajaondoka. Sasa ni 1968, vita vinawaka kusini, na kila mwenye bunduki anatiliwa shaka. Miezi miwili nyuma askari waliambiwa Awlad Mudhar wameficha silaha. Wakaenda wakachoma makazi yao. Silaha haikuonekana. Watoto wawili walikufa.

Kabla ya Magharibi Muhanna alikuwa rumande.

"Adui kaingia, mtu kafa," alisema mkubwa wa Mahfoudh pale kituoni. "Unataka nini tena?"

"Muda, bwana."

"Wanawe marehemu wako njiani na lori. Kesho Alasiri watasimama hapa watake jina. Mimi jina ninalo."

Mahfoudh alijua jina hilo likitajwa, Muhanna hatafika Ijumaa, na Wadi Ghafa watazika watu kwa makumi. Akamwendea Muhanna kule rumande.

"Ulifuata nini kwa Sheikh?"

"Kupatana. Kesho tulikuwa twende pamoja kwa wakubwa, tuseme kwa kinywa kimoja: ondoeni askari, na mafuta yawe na fungu letu sote."

"Ulikunywa kahawa?"

"Tatu. Nikatikisa finjani kusema basi, nikaiweka tupu."

"Nani alikumiminia?"

"Yeye. Kikao chake."

"Kiasi gani?"

Muhanna alimtazama kama anayemtazama mtoto. "Kiasi cha watu. Tone la chini. Mimi si mbwa wa kufukuzwa."

Mahfoudh akakumbuka. Zile finjani mbili pale kwenye sinia zilikuwa zimejaa pomoni, wala hazikuguswa.

Mtu wa jangwani hamimini vile. Kwake finjani iliyojaa inamwambia mgeni: kunywa, ondoka. Unguja ndiko finjani ikijaa huwa ukarimu. Mahfoudh alilijua hilo kwa aibu yake mwenyewe. Mwezi wa kwanza tangu alipokimbia mapinduzi ya Unguja, alimjazia kahawa mzee mmoja wa Muscat. Mzee akavaa viatu vyake na hajarudi mpaka leo.

Basi baada ya Muhanna alikuja mtu mwingine. Mtu aliyelelewa Unguja, akashika dele amhudumie mkubwa wake kwa adabu ya kwao. Na katika watu wa Unguja, aliyefahamiana na Sheikh Ghaith alikuwa mmoja tu: Amur, mtarjumani wa kampuni kule Wadi Ghafa.

Asubuhi Amur aliitwa kituoni. Kijana mpole, kanzu imepigwa pasi, ananukia.

"Jana Adhuhuri ulikuwa wapi, Amur?"

"Bustan. Nilikwenda kwa mashua kumtazama rafiki."

"Sheikh Ghaith ulimjua?"

"Nikimtarjumia. Mungu amrehemu. Lakini hao Awlad Mudhar, Inspekta, si watu. Niliwaambia Wazungu wa kampuni na wa jeshi zamani."

"Uliwaambia wewe?"

"Nilitarjumu. Walisema wenyewe, mie nikatarjumu."

"Kaa hapa unisubiri."

Mahfoudh hakumwambia anakokwenda. Alikwenda kwa Bi Mahbuba, mama yake Amur, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Akapiga hodi, akakaribishwa uani.

"Jana Adhuhuri Amur alikuwa wapi, mama?"

"Hapa hapa. Homa ilimshika, nkamkanda tangu asubuhi hata Alasiri. Hakuvuka kizingiti."

"Hakwenda Bustan?"

"Bustan ana nani yeye?"

Alipokwisha kusema akaona alivyotazamwa, akatia mkono mdomoni. Mahfoudh hakumkazania. Macho yake yalikuwa kwenye kamba ya nguo. Ilianikwa kanzu moja peke yake, na mapajani pana doa la manjano lililokataa sabuni.

"Hii ni nini, Bi Mahbuba?"

"Mchuzi."

"Mgonjwa wa homa anakula mchuzi wa zafarani?"

Bi Mahbuba akakaa chini pale pale, juu ya beseni lililofudikizwa.

"Damu ilitoka kwa maji baridi," alisema taratibu. "Hilo ndilo lililobaki. Sikumuuliza. Mzazi anaona, lakini haulizi, anafua. Wewe mtoto wa Malindi ya Unguja, mamako namjua. Nna mtoto mmoja tu. Unguja tumeacha nyumba, tumeacha makaburi. Nkamwambia, baba, huku usiwe si kitu tena. Ukipata cheo, kishike kwa meno."

"Muhanna akitajwa leo Alasiri, anauawa. Naye ana mama, Bi Mahbuba."

Bi Mahbuba aliinuka, akaianua kanzu, akaikunja vizuri kama anayempelekea mtu nguo ya Idi, akajifunika buibui.

"Nitaichukua mwenyewe," alisema.

Amur alipoona kilichokuwa mkononi mwa mama yake hakungoja swali.

"Usimtese mama."

"Aliyemtesa si mimi," alisema Mahfoudh. "Sema."

"Sheikh aliniita. Yeye na Muhanna walikuwa wamekaa asubuhi wakalinganisha maneno. Kila mmoja, siku zote, alikuwa akitaka amani. Mie nikiwafikishia Wazungu kuwa wanataka vita."

"Yale makazi yaliyochomwa?"

"Maneno yangu."

"Na wale watoto?"

Amur aligeuza uso, asimtazame mama yake.

"Sheikh alisemaje?"

"Hakunitukana. Alisema, 'Mwanangu, kesho tutasimama mbele ya wakubwa. Njoo useme mwenyewe kabla hatujasema sisi.' Nikashika dele nimmiminie, nimwombe anifiche. Nikazijaza zote mbili, nyingine nikajimwagia. Akaitazama finjani yake ilivyojaa. Akasema, 'Hata kwa kahawa unanifukuza?' Nilikuwa najua, Inspekta. Miaka minne nakaa nao, najua wanavyomimina. Lakini sijawahi kushika dele mbele yao, na kwa hofu ile mkono ulirudi nyumbani. Nikaona nimekwisha, nikamchoma. Jambia lenyewe la pambo, nalivaa Idi na kwenye vikao. Nimelitupa baharini."

"Kwa nini uliwasemea uongo tangu mwanzo?"

"Kabla ya ugomvi nilikuwa karani wa bohari, nagongwa bega nipishe njia. Ugomvi ulipozuka nikapewa gari na chumba. Mkubwa wa askari akinivutia kiti. Wale wawili wakipatana, nani atanivutia kiti?"

Konstebo akaandika yote. Muhanna akafunguliwa, akaletewa jambia lake. Akakataa kuondoka. Alisema atawangoja wanawe Sheikh pale pale mlangoni, awape rambirambi yeye wa kwanza. Haikupita saa, lori likasikika likiingia kwenye lango.

Bi Mahbuba alikuwa bado kitini, mikono mitupu mapajani.

"Umekwisha kuandika, mwanangu?"

"Nimekwisha, mama."

"Kumhudumia mkubwa, nlimfundisha mie. Kujaza finjani mpaka juu, mie. Andika na lile la kushika cheo kwa meno. Hilo nalo aliondoka nalo kwangu."

Mahfoudh alichukua kalamu, akaandika.