Springi Fupi za Kaka

Kila Jumamosi asubuhi, mama alipokwenda kwenye kibanda chake cha ushonaji, Kasuku alibaki nyumbani kufua sare za shule na kuosha vyombo. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa sababu alipoanza kuzungumza hakuwa na breki. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hapakuwa na habari ya mtaani iliyompita.

Baba yao aliendesha malori ya safari ndefu na mara nyingi hakuwepo. Kaka alikuwa fundi simu. Alikuwa na gari la spoti, jekundu, la milango miwili, kuukuu lakini lililong'arishwa kila siku. Kitu kimoja tu kilimkera: lilikaa juu. Magari ya vijana wenzake yalikaa chini, karibu kulamba lami. Basi akaagiza springi fupi, ambazo zikifungwa gari hushuka.

"Lipeleke kwa fundi magari," mama alikuwa amemwambia. "Usinigeuzie ua kuwa gereji."

Fundi magari alikuwa na kazi nyingi, akamwambia asubiri hadi wiki ijayo. Kaka hakutaka kusubiri, kwani wenzake walikuwa wakutane jioni ile kuonyeshana magari yao. Mama alipotoka tu, alitandika turubai uani, akaliinua gari kwa jeki na kutoa gurudumu la mbele.

"Mama akijua je?" Kasuku aliuliza, mikono ikiwa imejaa povu.

"Atajuaje? Wewe leo tia mdomo kufuli. Mimi nafungua simu zenye skrubu ndogo kama chawa. Hili litanishinda nini?"

Kasuku alicheka. Akaziacha nguo kwenye beseni, akaenda kumshikia spana.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Kaka alitoa shokapu, chuma kinachopunguza mtikisiko wa gari, pamoja na springi yake, akailaza juu ya turubai. Springi ya gari si kama ya kalamu. Hukaa imebanwa kwa nguvu nyingi sana, na nati moja ya juu ndiyo inayoizuia isifyatuke. Kabla ya kuigusa nati hiyo, ni lazima springi ishikwe vizuri kwa vibano maalumu. Kaka alikuwa ameazima vibano viwili, na kimoja kilikuwa kimelika meno. Kila alipokikaza kiliteleza. Alihangaika nacho hadi shati likalowa jasho, kisha akakitupa pembeni.

"Kimoja kinatosha," alisema.

"Kaka, hicho nacho kimekaa upande."

"Sogea, unanizibia mwanga."

Kasuku akasogea, na hilo ndilo lililomponya. Nati ilipoachia, ulisikika mlio mkali kama bati linapasuka. Kibano kiliruka hadi ukutani. Kifuniko cha chuma kilichokuwa juu ya springi kilimpiga Kaka mkono wa kulia, kikamgonga ubavuni, chini ya mbavu za kushoto. Akaanguka chali.

Kwa muda hakuweza kuvuta pumzi. Alipoinuka, mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Sikiliza," alisema, meno yakigongana. "Nimeteleza kwenye ngazi ya mlango wa mbele. Umenisikia? Baba akijua, gari silioni tena."

Kasuku akafunika vyuma kwa turubai, akamsaidia Kaka kufika mlango wa mbele, halafu akakimbia kumwita mama.

Hospitalini Kaka aliisimulia ngazi kana kwamba alikuwa bado anaiona. Mama akamgeukia Kasuku.

"Ulimwona akianguka?"

Kasuku akaitikia kwa kichwa.

Mkono ulipigwa picha, ukafungwa plasta ngumu. Mama akaenda kupanga foleni ya dawa, akawaacha wawili hao kwenye benchi. Feni ilikuwa inazunguka juu yao, lakini kijasho kilikuwa kinamtoka Kaka usoni, na midomo yake ilikuwa imepauka.

"Bega linaniuma," alinong'ona. "La kushoto."

"Lakini umeumia mkono wa kulia. Nimwite daktari?"

"Ukisema, usiniite kaka tena."

Maneno hayo yalimchoma Kasuku. Alibaki kwenye benchi. Kaka akamwegemea, na kichwa chake kilikuwa kizito na baridi kama jiwe lililotoka mtoni. Hapo Kasuku akainuka, akamwegemeza ukutani, akaingia chumba cha daktari bila kubisha hodi. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, alikuwa ananawa mikono.

"Daktari, hakuanguka kwenye ngazi. Springi ya gari imempiga hapa." Alijigusa ubavu wa kushoto. "Tumewadanganya."

Daktari hakumkemea. Alitoka mbio, akampandisha Kaka shati. Chini ya mbavu palikuwa peusi, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Mama aliporudi na dawa, alikuta benchi tupu na Kasuku amesimama peke yake. Kasuku akamweleza yote palepale.

Mama akaketi kwenye benchi. "Kwa hiyo nilikuuliza," alisema polepole, "na wewe ukaniitikia." Kasuku alikaa kando yake akilia bila sauti, wala mama hakumbembeleza.

Jioni daktari alitoka chumba cha upasuaji. Bandama ya Kaka ilikuwa imepasuka na damu ilikuwa inavujia ndani ya tumbo, ndiyo maana hata bega la kushoto lilimuuma. Walilazimika kuitoa. Angeishi, lakini mwili wake usingekuwa tena na nguvu ileile ya kupigana na maradhi. Kila akipata homa, hata ndogo, ingebidi aje hospitali upesi, maisha yake yote.

Baba aliporudi safarini, alimwita fundi magari, wakalivuta gari lile kutoka uani. Kasuku alipokwenda wodini, Kaka alimwashiria akae.

"Ningefia pale kwenye benchi," alisema. "Niitie baba na mama. Nataka niwaambie mwenyewe."

Akawaambia, bila kuficha kitu. Daktari, aliyekuwa anakagua mshono, alisubiri amalize.

"Mimi nilitibu mkono kwa sababu mkono ndio mlionionyesha," alisema. "Kijana, kazi usiyoijua mwachie anayeijua. Na ukija kwangu, niambie kilichotokea, hata kama kinakuaibisha. Aibu naweza kukuacha nayo ukapona. Damu ikivuja nisipojua, siwezi kukuponya."

Kisha akamgeukia Kasuku. "Na wewe, mwanangu, kuitikia kwa kichwa pia ni kudanganya. Lakini uliinuka ukaja kusema ukweli, ingawa uliogopa kumpoteza kaka yako. Ndiyo maana tunaye hapa. Siku nyingine usingoje. Inuka mapema."