Waifai Iliyokataa Maneno Matamu

Mvua ya Kitale haina adabu. Ilimkuta Nangila sokoni, gauni la njano, raba nyeupe, laptopu kifuani kama mtoto mchanga, ikamsukuma hadi kibandani kwa Kagwe, fundi wa kompyuta.

"Sasa, mrembo. Imekufa ama imezimia tu?"

"Haijakufa, bana! Imezeeka. Ukiwasha unaenda kupika ugali, unarudi bado inafikiria."

Kagwe akacheka. Akaiwekea Linux, mfumo wa bure usiolemea mashine kuukuu, nayo ikaamka. Wakapeana namba, ati ikisumbua apige. Haikusumbua. Alipiga tu.

Nangila alikaa Bungoma kwa shangazi yake, Senge Nakhungu. Kila jioni yeye na Kagwe walipigiana video kwa laptopu ile. Kagwe akianza kulainisha sauti, Nangila alivaa haraka hedfoni zake zisizo na waya. Kwao senge, dada ya baba, ndiye hupeleka habari za mchumba kwa baba, na akishapeleka hakuna kurudi nyuma. Nangila alitaka kwanza awe na hakika na kijana.

"Nangila mpenzi, nataka..."

Picha ikaganda, Kagwe akapotea. Kesho yake hivyo hivyo.

Upande wa Kitale, Kagwe alikuwa amemaliza sentensi: "...kuleta wazee kwenu." Akaona kila akitaja wazee, msichana anakata. Labda kwao hawataki mkwe Mkikuyu. Akatuma ujumbe: "Nimeelewa. Sitakusumbua tena." Kisha hakushika simu. Hasira hasara, lakini nani wa kumwambia aliyeumia?

Nangila alilia hadi macho yakavimba, akaenda Kitale na laptopu yake.

"Toa hii Linux yako! Sitaki kitu yako kwangu."

"Ati wewe ndio umekasirika? Si ulikuwa unanikatia?"

"Mimi? Wewe ndio ulikuwa unapotea!"

Kagwe akaiwasha laptopu; Nangila akavaa hedfoni, akafungulia muziki humo. Hakutaka kuisikia sauti ile, kwa maana bado aliipenda. Kwenye skrini, alama ya waifai ikazimika. Kagwe akamvua hedfoni taratibu.

"Ulikuwa unavaa hizi tukiongea?"

"Ukianza maneno yako matamu tu. Senge asisikie."

Kagwe akashika kichwa. Kadi moja ndani ya laptopu ilibeba waifai na bluetooth inayounganisha hedfoni, na programu aliyoiweka kuiongoza haikujua kuzipa zamu. Hedfoni zikiingia, waifai inatoka. Na yeye fundi hakuwahi kuzijaribu pamoja.

"Kwa hivyo hujakataa wazee?"

"Wazee gani? Sijasikia hiyo neno!"

Kagwe akamwambia. Machozi yakamlenga Nangila. Kagwe akaweka programu mpya, akawasha tena. Hedfoni zikaimba, waifai ikabaki. Lakini Nangila alizizima, akampigia shangazi kwa spika, wateja wote wakisikia.

"Senge, kuna mtu..."

"Kagwe? Najua! Unaziba masikio, halafu mdomo unaacha wazi. Si ulikuwa unamwita mpenzi mpaka jirani anasikia? Nilishaambia baba yako. Anauliza, wazee wake wanakuja lini?"

Kagwe akainamia skrini.

"Jumamosi, Senge."

"Sawa. Mkuje na njaa."