Makubazi Jozi Elfu Mbili

Asubuhi hiyo karakana ilichangamka. Nyundo ziligonga, ngozi ilinukia, na washonaji sita walimtania mwenye karakana, waliyemwita Mama Ngozi, kwamba akiendelea kutabasamu mashavu yatauma. Alikuwa na haki. Duka kubwa la nchi jirani lilikuwa limeagiza makubazi jozi elfu mbili, na kwa mkataba mpya wa biashara huria yangevuka mpaka bila ushuru, mradi yawe yametengenezwa hapahapa nyumbani.

Lakini jamani, tamaa haina likizo. Mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye hununua vifaa vya karakana, alimvuta pembeni akamwonyesha kubazi la kiwandani kutoka ng'ambo.

"Dada, elfu mbili kwa miezi miwili hatuziwezi. Tununue haya, tubandue lebo, tushone yetu. Nani atajua?"

"Na hawa washonaji?"

"Wapumzike nyumbani kidogo."

Nisiwafiche, Mama Ngozi alishawishika. Siku mbili alilitazama lile kubazi. Siku ya tatu mshonaji mmoja, mjane mwenye watoto watatu, aliliona mezani akaligeuza.

"Hili si letu," alisema. "Sisi hufunga uzi mafundo mawili. Hili limegundishwa tu. Kwani kazi yetu imekwisha, dada?"

Mama Ngozi aliona aibu, aibu ya kweli. Akampigia simu mwenye duka palepale, mjane akisikia.

"Kwa miezi miwili naweza jozi mia nane. Zilizobaki unipe muda. Lakini zote zitatoka mikononi mwetu."

Mjane akasogea karibu na simu.

"Mama, ningetaka ya kiwandani ningekwenda kiwandani," yule bwana alijibu. "Lete hizo mia nane."

Ikabidi waongezwe washonaji tisa, majirani waliokuwa wakishinda vibarazani, na mjane akawa mwalimu wao. Mdogo mtu naye aliketi kujifunza kushona, akijichoma sindano na kuchekwa. Mwezi wa tano tangu simu ile, jozi ya mwisho ikavuka mpaka, na oda nyingine ikaja.

FUNZO

Ndugu zangu, mkataba wa biashara ni mlango tu. Tukipitisha kazi ya mikono yetu, majirani zetu wataajiriwa. Tukipitisha ya wengine kwa jina letu, tutakuwa tumeuza ajira za watoto wetu wenyewe.