Mume kwa Sufuria

Nilitoka kuanua nguo jua likizama, kabla umande haujashuka. Upande wetu wa mtaa wa Theta ni mahindi, mashimo ya misingi, na nyumba zinazongoja mabati.

"Mali kwa mali..."

Sauti ilitoka langoni. Wale akina mama wanaobadilisha beseni na sufuria kwa nguo kuukuu hupita asubuhi, tena kwa makelele. Huyu alinong'ona. Alibeba gunia mgongoni, na alinuka plastiki mpya.

Harufu hiyo niliijua.

Jirani yangu Mbithe alikuwa na mume, Musau, mtu wa kukohoa, kukoroma na kulaumu chumvi. Wiki iliyopita Mbithe alitoa shati la kazi la mumewe, halijafuliwa, akapata sufuria inayong'aa. Sisi wa magharibi na wao wa Ukambani tunatofautiana kwa mengi, lakini hili hata mtoto analijua: nguo yenye jasho la mtu haipewi mgeni. Kesho yake Musau aliamka hakohoi. Hali chakula. Anatabasamu tu, akiangalia ukuta, na ananuka kama beseni jipya.

Nilipeleka habari kwa mzee wa mtaa. Akanieleza kwa upole kwamba serikali hushughulikia mtu aliyepotea, na Musau yupo. Tena ana afya. Malalamiko yangu yalikuwa nini hasa?

"Mama Perez," mgeni akaniita. Sikuwa nimemtajia binti yangu. "Lete shati la Absalom. Hilo la jasho."

Lilikuwa begani mwangu, bado halijafuliwa. Nikalikumbatia. "Mume wangu amekukosea nini?"

"Goti lake bovu. Unalikanda kila jioni. Nitakupa anayetembea wima."

"Nimelikanda tangu aanguke kiwandani, na sasa linapanda ngazi. Nikupe kazi ya mikono yangu, nipate beseni?"

"Wote huchoka..."

"Hata mimi huchoka. Nalala, naamka. Toka langoni kwangu."

Hakutoka. Gunia likajipindua mgongoni pake, polepole.

Kisha ndani yake...

Mtu akakohoa.

Kikohozi kile kimeninyima usingizi miaka mingi, kikipenya ukutani kutoka kwa Mbithe. Nikasogea langoni.

"Mrudishe Musau."

"Huyu ana mwenyewe," akasema. "Mwenyewe aje aombe." Akageuka, akaingia kwenye mahindi.

Absalom alikuwa jikoni akichemsha chai. Nilipomweleza, hakushangaa.

"Jana alikuja kwangu," akasema. "Alitaka kitambaa chako cha kichwa. Eti anibadilishie, kwa sababu ya kelele zako."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba kelele bado nazitumia."

Kabla sijajua kama nicheke au nilie, mlango ukagongwa. Ni Mbithe, sufuria mkononi. Hata moto haikuwa imeonja.

"Nimewasikia kule langoni," akasema. "Ile nyumba imenyamaza sana, Mama Perez. Siku ya kwanza nilidhani ni raha. Ameenda upande gani?"

Absalom akachukua tochi. Mbithe alimwangalia goti, akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," nikamwambia. "Linatembea."

Tukatoka watatu. Nyuma yetu mlango wa Mbithe ukafunguka, na yule wa kutabasamu akatoka pia. Hatua zake hazikuwa na sauti. Kila tulipogeuka, alikuwa karibu zaidi.

"Msigeuke tena," Absalom akanong'ona. "Mbithe, ita. Wewe ndiye mwenyewe."

Mbithe akaitupa sufuria kwenye shimo la msingi. Hatukuisikia ikifika chini. Akaingia kwenye mahindi.

"Namtaka Musau," akasema kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake. "Yule wangu. Vile alivyo."

Mbele yetu, gizani, kitu kirefu kikasimama, gunia mgongoni.

Mbithe hakupunguza mwendo.