Waliniuliza Nikiwa Jikoni

“Wageni wameingia. Kaa huku huku jikoni, usichungulie,” mama aliniambia akivuta pazia.

“Ni wao, Mak?”

“Mtoto wa kike una haraka wewe! Mimina chai.”

Nikamimina. Nyingine nikaimwagia kwenye visahani. Syukri alikuwa ameniambia kwa kinywa chake, “Wani, Ijumaa baada ya alasiri mama yangu anakuja kwenu.” Na leo ilikuwa Ijumaa, alasiri imeshaswaliwa, na sebuleni watu wazima walikuwa wanakohoa vile wanavyokohoa kabla ya kusema jambo.

Nilimsikia mjomba akicheka. Kisha sauti ya mwanamke ikasema polepole, “Tumesikia nyumba hii ina ua. Tumekuja kuuliza kama lina mwenyewe.”

Ndivyo sisi watu wa jimbo la Kelantan tunavyoposa. Kwa kuzunguka, jina halitajwi.

Mama akarudi jikoni, akaniinua kidevu.

“Umewasikia. Unasemaje?”

Nikainamisha kichwa, nikatazama vidole vya miguu yangu. Binti akiulizwa hivyo akanyamaza, amekubali. Mimi nilinyamaza kwa furaha yangu yote.

Mama akatoka mbio. “Amekubali!” Papo hapo dua ikasomwa, na mimi nikaitikia amina peke yangu mbele ya jiko la gesi.

Wageni walipoondoka, mama alikuja na pete nitakayokuja kuvishwa, iko kwenye sinia la tambuu, uso umelowa machozi.

“Mwanangu, umenitua mzigo. Hajah Rokiah amesema kuanzia kesho tutauzia kwenye kona ile yenye paa, karibu na bomba. Hakuna tena wa kututisha kutuondoa.”

“Hajah Rokiah?” Nikaitazama pete. “Mke wa Haji Nik Daud?”

“Wewe ulidhani nani? Umechumbiwa na Nik Fauzan, mwanawe! Wenzako wangezimia.”

Kiwanja chote tunachouzia ni cha Haji Nik Daud. Wenye vibanda wote pale, wa kuku wa kuchoma, wa tambi, sisi wa wali wa bluu, tunapumua akitaka yeye. Nikafungua mdomo niseme. Mama akanikumbatia, akalia begani kwangu kama mtoto. Tangu baba afariki sikuwahi kumwona akilia kwa raha. Nikaufunga mdomo.

Simu ikaita kwenye mfuko wa aproni. Ujumbe wa Syukri.

“Mama yangu alifika kwenu. Aliona viatu mlangoni, akasikia dua inasomwa. Akageuka na sinia lake la posa. Hongera, Wani.”

Nikakimbilia uani, nikampigia.

“Abang Syukri, nisikilize! Nilidhani ni mama yako! Hawakutaja jina!”

“Wallahi?”

“Wallahi.”

“Basi rudi ndani umwambie mama yako. Sasa hivi, kabla habari haijatembea.”

Nilitazama dirishani. Mama alikuwa ameiinua pete kwenye mwanga wa taa, anamwonyesha mjomba.

“Wani? Upo?”

“Nipo.”

“Utamwambia?”

Macho yangu yalikuwa kwenye pete. Nilisikia akishusha pumzi.

“Sikiliza. Dini hainiruhusu kuposa juu ya posa ya mwenzangu. Hata simu hii ni makosa. Siku utakayosema kwa mama yako, nitafute. Kabla ya hapo, usinitafute.”

Akakata.

*

Mimi na Syukri tulipendana kwa kula. Yeye alikuwa anauza apam balik, mkate ule wa kukunja wenye karanga na mahindi, mbele ya meza yetu. Kwetu msichana haendi kukaa na mvulana meza moja hivi hivi. Kwa hiyo jioni kabla ya wateja kujaa, yeye alitangulia kuzunguka vibanda akionja, ananiandikia. Mimi nafuata na mama, nanunua alichosema.

“Kuku wa tui wa Pakcik Mat Zin leo ameungua upande mmoja. Omba upande wa pili.”

“Keki za mayai za Kak Yam, kula zikiwa moto. Zikipoa zinakuwa kama maneno ya mawifi.”

Tulikula kitu kimoja, muda mmoja, meza mbili. Mama yuko katikati, hajui kitu, analalamika pilipili.

Baada ya ile Ijumaa, Syukri alikunja kibanda chake akahama. Pale mbele yetu pakabaki duara jeusi la mafuta kwenye sakafu.

Nasi tukahamia kona yenye paa. Kuta pande mbili, jiko nyuma yangu, meza mbele yangu. Zamani jasho likinizidi nilitoka nikasimama kwenye upepo. Sasa hata pa kugeukia hapakuwepo, na kila mteja alikuwa na neno.

“Mkwe wa Haji, niongeze samaki basi!”

“Mkwe wa Haji, ukishahamia nyumba ya ghorofa utatukumbuka?”

“Atakumbuka wapi! Ataagiza wali kwa simu.”

Nacheka, napakua. Mama anacheka zaidi. Nikisema, “Mak, nina jambo,” anasema, “Jambo ni rangi ya kitambaa. Kijani au maziwa?” Na mimi nanyamaza, na kila nikinyamaza naona kamba inazidi kukaza.

Nik Fauzan alikuja na dada yake kutusalimia. Kijana mpole, kanzu imenyooka, hakuzima hata injini ya gari. Mama akamjazia sahani: wali wa bluu, nazi iliyokaangwa, majani mabichi, samaki, na budu, ule mchuzi wetu wa dagaa waliovundikwa kwenye chumvi.

“Samahani, Makcik,” akasema. “Chakula cha barabarani kinanisumbua tumbo.”

“Hata cha mchumba wako?” mama akamtania.

Akatabasamu, akanigeukia. “Usijali, Wani. Tukishaoana hutauza tena. Utakaa ndani, kiyoyozi kipo. Hutanuka budu maisha yako yote.”

Alisema kwa upendo, naapa. Ndiyo maana niliogopa. Angekuwa mtu mbaya, ningejua jinsi ya kumkimbia.

Usiku ule ule nilimwota baba akigonga mlango wa nje, nami natafuta kitasa nisikione.

*

Siku ya kuvishwa pete nyumba ilijaa. Masinia yalipangwa sebuleni: keki, matunda, viatu, kitambaa cha rangi ya maziwa. Mimi nilikalishwa juu ya mto, poda inayeyuka, wanawake wamenizunguka na simu zao juu.

Hajah Rokiah akapiga magoti mbele yangu. Yeye ndiye anayefundisha mabinti Kurani msikitini kwetu. Hata mimi alinifundisha.

“Bismillahi. Nyoosha kidole, mwanangu.”

Nikakunja ngumi.

Akacheka. “Ana haya. Nyoosha, usiogope.”

“Wani!” mama akaninong'oneza. “Vidole!”

“Hajah,” nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. “Naomba uniulize wewe mwenyewe.”

“Nikuulize nini?”

“Kama ninamtaka Fauzan.”

Simu zikashuka. Mjomba akasogea mlangoni. Hajah akaniangalia muda mrefu.

“Si uliulizwa?”

“Niliulizwa nikiwa jikoni. Jina sikuambiwa. Siku ile nilikuwa nasubiri watu wengine, nikanyamaza kwa ajili yao.”

“Ya Allah!” mama akashika kichwa.

“Haya,” Hajah akasema, ameibana midomo. “Nakuuliza mbele ya watu wote hawa. Unamtaka mwanangu Nik Fauzan?”

“Hapana, Hajah. Nisamehe.”

Mtu mmoja akaangusha kijiko. Hajah aliirudisha pete kwenye kiboksi, akakifunga.

“Miaka mingi nafundisha kwamba kimya cha binti ni ridhaa,” alisema. “Ridhaa kwa mtu asiyemjua haipo. Basi hapakuwa na posa, na hakuna kilichovunjika. Sikilizeni nyote, asije mtu akasema mtoto huyu amevunja uchumba.”

Nikashika mkono wake nibusu. Akauvuta.

“Bado sijamaliza. Ungesema mwezi uliopita, ungeniaibisha jikoni tu. Leo umeniaibisha mbele ya ukoo mzima. Bebeni masinia!”

Yakatoka moja moja. Jioni Haji akamtuma mtu: kona yenye paa ina mpangaji mwingine, na kiwanjani nafasi hakuna.

Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, kilemba kimelegea.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulikuwa unalia kwa furaha, Mak.”

“Ungeniacha nilie mara mbili! Ningekupiga, ningenuna wiki, yangeisha. Sasa tutauzia wapi? Chooni?”

Akaingia chumbani. Hakunisemesha siku ile wala ya pili.

Nikamwandikia Syukri: “Nimesema.” Alama mbili za bluu zikatokea. Jibu halikuja.

*

Mama yake Syukri, Makcik Kelsom, anauza laksam mbele ya nyumba yake mwenyewe: tambi pana za mchele zilizoviringishwa, mchuzi mweupe wa samaki na tui. Nilikwenda asubuhi, peke yangu. Msichana kwenda kwa mama wa mwanamume! Miguu yenyewe ilikuwa inanishangaa.

“Assalamu alaikum, Makcik. Naomba sahani moja.”

“Waalaikum salamu. Imekwisha.”

Sufuria lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Nikakaa. Akahudumia mtu, akahudumia mwingine. Anafuta meza, anaruka pale nilipo.

“Bado upo?”

“Nasubiri, Makcik.”

“Unasubiri nini? Mimi nilibeba sinia langu kichwani, nimevaa nguo ya Idi, nikafika kwenu nikakuta viatu vya matajiri. Majirani walinitazama nikirudi nalo. Walinitazama!”

“Najua. Ningetoka jikoni siku ile, ningekuona. Sikutoka.”

“Na huyo tajiri?”

“Nimemkataa mbele ya ukoo wake. Tumefukuzwa kiwanjani.”

Upawa ukasimama hewani. “Mmefukuzwa? Kwa ajili ya huyu wangu mwenye masizi?”

“Mak, nani huyo?” Syukri alitokea kando ya nyumba, mtungi wa gesi begani. Aliponiona alisimama vile vile, na mtungi wake.

“Nilikuandikia,” nikamwambia.

“Niliona.”

“Hukujibu.”

“Ulikaa mwezi mzima, Wani. Mwezi! Kila siku nageuza mkate naunguza. Wateja wamenikimbia. Nikajiuliza, huyu akinyamaza tena siku nyingine, mimi nitakuwa nimesimama wapi?”

“Sina la kujitetea. Ninakutaka wewe. Nasema hapa, mama yako anasikia, na huyu pakcik anayekula anasikia.”

Mzee huyo mezani akainua kijiko. “Nimesikia. Kijana, tua huo mtungi, utavunjika mgongo kabla ya ndoa.”

Syukri akatua. Akafuta uso kwa kiwiko, nikaona anacheka huku macho yana maji.

“Mak,” akasema, “ile nguo ya Idi imefuliwa?”

“Usinipangie!” Makcik Kelsom akanisukumia sahani ya laksam, mchuzi ukanimwagikia kidoleni. “Kula. Ijumaa nitakuja, na jina la mwanangu nitalitaja nikiwa bado barabarani. Na mwambie mama yako alete masufuria yake. Meza hii ni ndefu, nampa nusu. Ila mchuzi wangu asiuonje akaanza kunifundisha chumvi.”

Nilirudi nyumbani, sehemu nyingine za njia nikikimbia. Mama alikuwa jikoni, anachambua majani ambayo hayakuwa na pa kuuzwa. Nikamweleza yote, neno kwa neno. Hakuinua uso. Alichambua mpaka fungu likaisha.

“Nusu ipi?” akauliza mwishowe. “Ya juani au ya kivulini?”

“Ya kivulini, Mak.”

“Hm. Na huyo kijana, budu anakula?”

“Analamba mpaka kisahani.”

Mama akajifunga kilemba vizuri.

“Loweka mchele basi. Unasimama tu hapo!”