Gauni Halina Kosa

Spika ilikuwa imefungwa juu ya bajaji kwa mpira wa baiskeli. Iliponguruma pale mwaloni Katonga, akina mama wa dagaa waliziba masikio huku wakicheka. Sia Mallya hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya tenga la migebuka, rula mkononi, akipima samaki mmoja mmoja, na kwa kelele zile alikuwa ameshapoteza hesabu mara mbili.

"Wana Katonga! Krismasi hii, banda la video la Mzee Mwinshehe, Buzebazeba! Saa nane mateke, saa kumi mapenzi! Steringi analia, shangazi yake analia, na wewe utalia! Njoo na khanga, leso haitatosha!"

Sia akainuka na kuiendea bajaji. Alivaa shati la kaki la idara ya uvuvi, buti za mpira hadi magotini, na kofia pana ya ukindu iliyomficha nusu ya uso.

"Kaka, zima."

"Shikamoo, afisa."

"Usiniamkie, zima. Napima samaki."

"Samaki wameshakufa dada, hawana haraka. Wateja wangu mimi wako hai."

Wanawake wakaangua kicheko. Yule kijana akazima, akashuka. Alikuwa mrefu, shati la maua vifungo viwili wazi, na sauti yake hata bila spika ilitosha kuvuka ghuba. Akasoma kibati cha jina kifuani pa Sia.

"Mallya! Leo tarehe ishirini Desemba, Mchaga yuko Katonga? Huko Moshi hamrudi nyumbani kuhesabiana mwaka huu?"

"Nina zamu," alisema Sia.

Alidanganya. Wachaga wenzake wawili ofisini walikuwa wameshaondoka tangu wiki iliyopita, na bosi alimbembeleza naye aende. Alibaki kwa sababu moja aliyoifungia chumbani, ndani ya sanduku, na hakuna mtu Kigoma nzima aliyeijua.

"Basi zamu ikiisha njoo banda," kijana akasema, safari hii taratibu. "Naitwa Dismasi. Mimi ndiye nawasemea wale watu wa kwenye kioo. Mtu asikae Krismasi peke yake kama fundi aliyesahaulika darini."

Sia alikwenda. Upweke humpeleka mtu hata asikopapenda.

Banda lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na joto lake lingeweza kuivisha maandazi. Mkanda ulikuwa wa Kikorea. Dismasi alikaa pembeni na kipaza sauti akitafsiri, na hapo niseme ukweli: hakujua hata neno moja la Kikorea. Alitazama midomo ikicheza, akaipa maneno yake. Tajiri mwenye suti akamkaripia katibu wake kwamba dagaa aliowaleta wana mchanga. Bibi kizee akakata roho akimsalimia shemeji yake wa Ilagala. Watu walivunjika mbavu, na Sia akacheka mpaka machozi, cheko la kwanza tangu mwaka uliotangulia.

"Maneno yote yale unayatoa wapi?" alimuuliza walipotoka.

"Kwa watu. Sokoni, msibani, kwenye foleni ya maji. Nasikia, naweka, siku ikifika natoa."

Sia akaona hilo ni jambo la kupendeza. Laiti angeliogopa siku ile!

Mapenzi yao yalikua haraka. Dismasi alimpigia simu asubuhi kwa sauti ya mzee, mchana kwa sauti ya bibi harusi mwoga, jioni kwa sauti yake mwenyewe. "Afisa wangu, umekula?" "Nimekula." "Umenila na mimi kwenye mawazo?" "Nyoo! Wewe mwenyewe umejaa mifupa." Walitembea pamoja ufukweni Ujiji kila Jumapili baada ya misa, na akina mama wa Katonga wakazoea kumuuliza Sia, "Sauti yetu hajambo?"

Mwezi wa saba, wamekaa kwenye mawe karibu na maji, Sia alimfungulia sanduku. Hakulifungua kwa mikono, alilifungua kwa mdomo. Alimweleza juu ya mchumba aliyemtumia ujumbe wa simu siku nne kabla ya harusi, maneno matano tu: nisamehe, sitaweza, usinitafute tena tafadhali. Gauni lilikuwa limeshashonwa. Alikuja nalo Kigoma alipopangiwa kazi.

"Mara moja kwa mwezi nafunga mlango nalivaa," alisema, akitazama maji. "Nakaa kitandani mpaka jasho linitoke, halafu nalivua. Usinicheke."

"Sicheki. Kwa nini hukulichoma?"

"Gauni halina kosa, Disi. Aliyekosewa ni mvaaji."

Kisha akamwambia la mwisho, lile ambalo hata yeye na mama yake hawakuwahi kulizungumza. Asubuhi ule ujumbe ulipofika, baba yake alitoka uani, akamfungua kamba ng'ombe wa harusi, akarudi ndani akampita yeye bila kumtazama. Ndiyo maana tangu hapo Desemba hakwenda kwao. Aliogopa macho ya baba yake.

Dismasi alimshika mkono, hakusema neno. Sia alimpenda zaidi kwa ule ukimya.

Mwezi wa kumi na moja Dismasi akamchumbia, na Sia akampigia simu mama yake Marangu. "Mama, mwaka huu nakuja. Na siji peke yangu." Vigelegele vilivyotoka kwenye simu vilisikika mpaka kwa mwenye nyumba. "Baba yako ameshakwenda kumtazama mbuzi," mama akasema akilia. Tiketi mbili za treni zikakatwa, za tarehe ishirini na saba.

Siku ya Krismasi ubao wa chaki wa Mzee Mwinshehe uliandikwa: *Saa kumi, Bibi Harusi wa Mvua, mkanda mpya, haujawahi kuonyeshwa Buzebazeba.* Sia alivaa gauni la kitenge cha bluu na viatu vyeupe, akakaa benchi la mbele na Leonia, binti wa mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyemsaidia kuanika nguo tangu ahamie. Banda lilifurika.

Katikati ya mkanda, msichana wa Kikorea aliyeachwa na mchumba wake akaingia chumbani, akafunga mlango, akavaa shela mbele ya kioo. Banda likatulia. Sauti ya Dismasi ikashuka, ikawa laini, ikawa ya mwanamke.

"Mara moja kwa mwezi nafunga mlango nalivaa. Nakaa kitandani mpaka jasho linitoke, halafu nalivua. Nilichome kwa nini? Gauni halina kosa. Aliyekosewa ni mvaaji."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia kwa kwikwi. Wa pili akafuata. Khanga zikatoka. Mzee Mwinshehe mwenyewe aliyekuwa mlangoni akavua kofia yake akajifutia nayo uso.

Leonia hakulia. Aligeuka taratibu akamtazama Sia, kwa maana siku moja ya jua kali alilikuta gauni jeupe kwenye kamba, nyuma ya mashuka. Sia aliyaona yale macho yakielewa. Akahisi amevuliwa nguo mbele ya Buzebazeba nzima. Akasimama, akapenya kati ya magoti ya watu, akatoka.

Jua lilikuwa halijazama Dismasi alipofika barazani kwa Sia, anahema, uso unang'aa.

"Sia! Umesikia walivyolia? Mzee Mwinshehe anasema kesho tunarudia. Miaka minane nafanya kazi hii, sijawahi kuliza watu vile! Mbona ulitoka, yalikuzidi?"

"Walikuwa wanamlilia nani, Disi?"

"Yule dada wa kwenye kioo."

"Yule dada alisema nini kwa Kikorea?"

Dismasi akainamisha uso.

"Basi walikuwa wananililia mimi. Na mimi sikuwaomba."

"Sikutaja jina lako, mpenzi. Hakuna anayejua."

"Hukutaja jina, ulitaja kitanda. Leonia amejua. Kesho atajua nani?"

Hapo ndipo kijana alipoelewa, au alionekana kuelewa. Akapiga magoti kwenye saruji, akamshika miguu. "Nisamehe. Lile neno lilikuwa limenikaa hapa tangu mwezi wa saba. Yule msichana alipovaa shela, lilitoka lenyewe. Nililitoa kwa heshima, Sia. Naapa kesho silisemi. Nitampa maneno mengine."

Sia alimtazama kichwa chake kilichoinama. Alimpenda, hilo ndilo lililokuwa baya. "Usiposema, tutapanda treni wote," alimwambia. "Ukisema, nitapanda peke yangu."

Kesho yake asubuhi alikwenda mwaloni kumalizia kazi. Alipofika kwenye chanja za dagaa alimsikia Genoveva, mama wa pale aliyekuwa na kinywa kikubwa kuliko wote, akimtania mwenzake aliyevaa khanga iliyochanika: "Iache, mama! Khanga haina kosa, aliyekosewa ni mvaaji!" Chanja zote zikalipuka kwa kicheko. Kisha mmoja akamwona Sia, akamgusa Genoveva kiuno, na kicheko kikakatika ghafla.

"Mwakeye, afisa," Genoveva akamwamkia kwa Kiha, macho chini. Hakuwahi kumwamkia kwa upole namna ile. Sia akajua kwamba yameshafika.

Saa nane simu ililia. "Afisa wangu, umekula?"

"Sijala."

"Leo silisemi. Nimeshaandika maneno mengine, mazuri tu. Uje?"

"Siji, Disi. Natosheka na neno lako."

Lakini alikwenda. Moyo una miguu yake. Hakuingia ndani, alisimama nyuma ya banda, kwenye mabati, mahali sauti ya Dismasi ilipotoka wazi kama yuko naye. Watu walikuwa wengi kuliko jana, wengine wametoka Ujiji.

Msichana akafunga mlango wake. Sia alijua kwa jinsi banda lilivyotulia. Dismasi akaanza, kwa sauti ile ile laini: "Sina la kusema leo. Mvua imesema yote..."

Halafu mluzi. Mtu akapaza sauti, "Aa, Sauti! Siyo hivyo!" Mwingine akapiga benchi. "Gauni! Tupe gauni!" Wakaitikia wote, wanawake kwa wanaume, kama wako mpirani: "Gau-ni! Gau-ni!"

Sia aliuweka mkono wake juu ya bati. Lilikuwa la moto. Nyamaza, Disi, alimwomba kimoyomoyo. Nyamaza kama ulivyonyamaza kule kwenye mawe.

Kipaza sauti kikakwaruza.

"Gauni halina kosa," sauti ikasema, na banda likanguruma kwa furaha. Mtu mwingine angeishia hapo. Dismasi hakuishia. Alikuwa ameshaonja. "Aliyekosewa ni mvaaji. Na asubuhi ile baba yangu alitoka uani, akamfungua kamba ng'ombe wa harusi, akarudi akanipita bila kunitazama."

Watu hawakupiga kelele tena. Walilia. Sia aliwasikia wakilia ndani ya bati, mamia yao, wanamlilia baba yake, mzee wa Marangu ambaye kabla ya mwaka mpya alikuwa amtilie pombe ya ndizi mkwe wake mtarajiwa.

Tarehe ishirini na saba jioni stesheni ya Kigoma ilijaa magunia na watu. Sia alikaa dirishani kwenye behewa, sanduku miguuni. Dismasi akaja mbio akipenya kati ya wachukuzi, begi begani, shati la maua limelowa. Kondakta hakumruhusu kupanda, kwa sababu tiketi ya pili Sia alikuwa ameshaitoa kwa mama mmoja wa Uvinza aliyekosa nafasi.

Akasimama chini ya dirisha. Sauti iliyovuka ghuba haikuwepo. Alikuwa na sauti ya mtu wa kawaida, ya kukwaruza.

"Walipiga kelele, Sia. Hujui inavyokuwa wakipiga kelele."

Sia akamtazama.

"Naacha banda. Nitafanya kazi yoyote, nitapara samaki. Unasikia? Unanipenda lakini. Niambie tu kama unanipenda."

King'ora kikalia. Mabehewa yakagongana kutoka mbele kuja nyuma. Dismasi akaanza kutembea sambamba na dirisha.

"Nitukane basi! Sema neno lolote. Neno moja tu niondoke nalo!"

Sia alikuwa nalo. Lilikuwa limemfika kooni, refu, zuri, la kweli kuliko yote aliyowahi kumwambia kwenye mawe ya Ujiji. Lakini alipoyatazama macho ya Dismasi yaliyojaa machozi aliona yamemtulia usoni, yanasubiri, na akajua kwamba hata sasa, hata akiwa analia hivi, mtu huyu anasikiliza. Mwaka mpya ungekuja na mkanda mpya, na msichana mahali fulani kwenye kioo angeagana na mpenzi wake stesheni.

Sia akafunga dirisha.

Neno lile alilibeba mpaka Marangu, na hajamwambia mtu. Mimi nalijua, lakini sitalisema.